Kila Ploti Ina Mrs. Huber Wake

Nitasema na mnitusi kwa komenti: Desperate Housewives si muvi ya wamama.

Najua vile mmeizoea. Mkiskia hilo jina mnawaza wanawake wa Marekani kwa visigino virefu wakikata nyasi. Kwanza hiyo ya kukata nyasi ni ukweli. Kwa sehemu ya kwanza kabisa Gabrielle Solis anatoroka pati usiku, na gauni lake la sherehe, anaenda kusukuma mashine ya kukata nyasi gizani. Mbona? Juu mumewe Carlos amegundua nyasi haikatwi na kuna kijana analipwa kuikata. Kijana alikuwa anakuja kazini vizuri, tu hakuwa anafika kwa bustani. Gabrielle hataki afutwe, kwa hivyo anakata yeye mwenyewe.

Ukiiona mara ya kwanza unacheka. Mara ya pili nikaona kitu kingine: mke wa tajiri, usiku wa manane, anafanya kazi ya mtu mwingine ili asubuhi nyumba ionekane vile watu wamezoea kuiona. Nikanyamaza kidogo. Huyo namjua, nikasema. Huyo anaishi na mimi.

Nitafika hapo.

Kwa wale hamjaiona: ilianza ABC Oktoba 3, 2004, ikaisha Mei 13, 2012. Misimu 8, sehemu 180. Ilipoanza mimi nilikuwa bado nafungwa nepi, kwa hivyo niliipata juzi tu, kwa jamaa wa muvi pale steji. Nilimwambia aniwekee kitu ndefu kwa flashi, akaniwekea hiyo na akanicheka. Mambo yote yako kwa mtaa mmoja, Wisteria Lane, kwa mji wa kubuni unaitwa Fairview. Nyasi za kijani, uzio mweupe, kila mtu na gari mbili. Mtaa wenyewe ni seti ya Universal huko California. Unaona mtu akifungua mlango wa mbele, lakini sebule anayoingia ilijengwa studio, mahali pengine kabisa. Nilipojua hiyo nilifurahi sana. Mtaa mzima ni uso tu, na stori yote ni kuhusu watu ambao ni uso tu.

(Nitatoa siri za stori hapa. Ina miaka zaidi ya 20, kwa hivyo usinilaumu.)

Dakika za kwanza, Mary Alice Young, mke ambaye kila mtu anamheshimu, anamaliza kazi za nyumba na anajitoa uhai. Kuanzia hapo sauti yake ndiyo inatusimulia majirani wake, misimu yote minane. Marafiki zake wanne, Susan, Lynette, Bree na Gabrielle, wanapopanga nguo zake wanapata barua. Mtu alikuwa amemwandikia kwamba anaijua siri yake na ataitoa. Siri yenyewe ni nzito. Zamani, kabla ya kubadilisha majina na kuhama, yeye na mumewe walimchukua mtoto wa msichana aliyekuwa mtumwa wa dawa za kulevya, wakampa pesa. Miaka ikapita, msichana akapona, akaja kumtaka mtoto wake. Mary Alice akamuua. Wakamzika chini ya bwawa la kuogelea, na maisha yakaendelea, keki zikaokwa.

Na barua iliandikwa na nani? Si polisi, wala si jamaa wa yule msichana. Ni jirani, Mrs. Huber, ambaye kila siku wanasalimiana.

Wacha niwaambie kitu kuhusu huyu Mrs. Huber, juu nadhani ndiye mtu ameandikwa vizuri kuliko wote, na alikufa mapema sana. Siku Mary Alice anakufa, Mrs. Huber ndiye anaskia mlio na kuja na kisingizio: kuna blenda alikuwa ameazima. Anamwona jirani amelala pale, anarudi kwake, anapiga simu ya ambulensi. Analia kidogo. Halafu anaangalia ile blenda. Iko na stika ya jina la Mary Alice. Anaibandua. Blenda imekuwa yake.

Wueh. Nilirudisha nyuma hapo mara tatu. Hakuna mahali popote kwa hizo sehemu 180 wamesema ukweli kuhusu majirani kwa sekunde chache kama hapo. Alilia kweli, si uongo. Na blenda alichukua pia.

Baadaye Susan anachoma nyumba ya Edie Britt kwa bahati mbaya, na Mrs. Huber anaokota kikombe cha kupimia cha Susan kwa majivu. Haendi polisi. Anakiweka. Anaanza kumwomba Susan vitu vidogo vidogo na tabasamu. Mwishowe Paul, mume wa Mary Alice, anamuua, na kitu cha kwanza anachomgonga nacho ni ile ile blenda. Kama mwandishi wa maigizo ya shule angeandika hivyo mwalimu angesema imezidi. Mimi nilipiga makofi peke yangu kwa kiti.

Sasa upande ule mwingine. Kuna sehemu, bado msimu wa kwanza, Lynette amechoka. Aliacha kazi kubwa akae na watoto wanne, mapacha wanambomolea nyumba, na amekuwa akimeza dawa za watoto ndio abaki macho. Siku moja anawaachia Susan watoto, anaendesha gari, anaishia kukaa kwa nyasi za uwanja wa mpira akilia. Susan na Bree wanampata hapo. Wanamwambia hata wao walikuwa wanashindwa watoto wakiwa wadogo. Yeye anawaangalia kama watu wamemwibia. Mbona hamkuniambia? Miaka yote hiyo nikifikiria ni mimi tu!

Kila mtu kwa intaneti anapenda hiyo sehemu. Wanaikata, wanaweka muziki wa huzuni, wanaandika ongeeni na watu wenu. Na ni sehemu nzuri, mimi pia nililia. Hata tamthilia yenyewe ilianzia hapo karibu. Marc Cherry, aliyeibuni, amesimulia vile alikuwa hana kazi, ameketi na mama yake wakitazama habari za Andrea Yates, yule mama wa Texas aliyezamisha watoto wake watano mwaka 2001. Cherry akashangaa mwanamke anaweza kufika wapi ndio afanye hivyo. Mama yake akamwambia hata yeye alishawahi kufika karibu na hapo. Alikuwa amemlea huyo mtu maisha yake yote na hakuwahi kusema. Cherry akaandika, stesheni kadhaa zikamkataa, ABC ikachukua.

Lakini wanaosema ongeeni wanasahau kitu. Ni mtaa huo huo. Nyasi hiyo hiyo ambayo Lynette anaambiwa funguka, Mrs. Huber anapita hapo na kikombe mkononi. Ndio maana hawakuwa wamemwambia. Sio ati hawampendi. Hujui ukifungua mdomo ni nani anapita.

Basi niseme ya kwetu.

Sisi hatuna nyasi. Tuna ghorofa tano huku Umoja, ngazi moja, kamba za nguo juu, na maji yanakuja Jumanne. Kuta zetu ni za kusaidiana kuskia. Mtu wa juu akigombana na bwana yake mimi najua nani ana makosa. Mwenye nyumba akikufungia kwa kufuli, nyumba zote zinaona kufuli kabla wewe hujafika kutoka kazini. Ungefikiria mahali kama hapa siri haiwezi kuishi. Inaishi, bana. Tena ina afya.

Nilipopata barua ya kuitwa chuo kikuu, ploti ilifanya mchango. Mathe hakuomba. Wamama wa chama chake walianzisha, wakapita mlango kwa mlango na daftari, lile la kurasa 48. Majina 31. Kuna mtu alitoa elfu mbili, kuna mtu alitoa hamsini, na fundi wa viatu pale nje ambaye hata haishi hapa alitoa mia. Jumla ilikuwa 18,650. Mathe bado ana hilo daftari, chini ya godoro, pamoja na cheti changu cha kuzaliwa.

Mwaka wa pili karo ilikataa, mitihani ikanipita, nikarudi nyumbani. Sitaki pole kwa komenti, na sitarudi, hiyo tulimalizana nayo. Natengeneza video, nalipa stima na nusu ya kodi, niko sawa. Hii post si ya hiyo.

Ni kwamba mathe hakuwaambia. Mwanzo alisema niko likizo. Likizo ikawa ndefu, akasema nafanya utafiti. Kuna wiki aliniomba nitoke na begi asubuhi, nirudi jioni, na nilitoka! Nilikuwa nakaa maktaba ya mtaa nikihariri video. Siku hizi hasemi mengi, mtu akiuliza anasema "anaendelea", na hajaongopa, si kweli naendelea? Lakini kila mwisho wa mwaka majirani wanaanza kuuliza mahafali ni lini, na naona vile anapanguza mikono kwa leso kabla ya kujibu, hata kama mikono imekauka.

Tunaitazama pamoja, mimi na yeye. Laptopu juu ya ndoo, chai, saa mbili usiku. Alikuwa anasema hiyo ni upuzi wa wazungu hadi msimu wa kwanza ukaisha akaniuliza kama ule mwingine uko. Anampenda Bree. Wamama wote wa Kenya watampenda Bree: nyumba safi, kanisa, keki, na ndani moto unawaka. Tukafika pale binti yake Bree, Danielle, amepata mimba akiwa shule. Bree anamficha mbali na mtaa, halafu yeye mwenyewe anavaa tumbo la bandia, anatembea nalo mtaani miezi na miezi, anapongezwa, watu wanamletea zawadi. Nilikuwa nacheka. Mathe hakucheka. Akasema, polepole, "Huyo ana akili."

Halafu akaamka akaenda kuosha vikombe ambavyo vilikuwa bado na chai.

Kuna kitu hata waandishi wa Hollywood hawangethubutu kuandika. Felicity Huffman, aliyeigiza Lynette na kushinda Emmy mwaka 2005, mwaka 2019 alikiri mahakamani kwamba alilipa dola 15,000 majibu ya binti yake yarekebishwe kwa mtihani wa kuingia chuo. Akahukumiwa jela siku 14. Lynette wetu, yule wa mbona hamkuniambia! Nilimsomea mathe hiyo habari. Akapiga hesabu kichwani, karibu milioni mbili kwa pesa yetu, akasema, "Angenipatia mimi hiyo nikulipie karo, na jela siendi."

Turudi kwa ploti. Mrs. Huber wetu tunaye, anaishi nambari saba. Simchukii, nataka mjue hivyo. Alitoa mia tano kwa ule mchango, ni pesa nyingi kwake. Lakini ana ile sauti. Jumanne moja tuko kwa mfereji, foleni ya mitungi, watu kama kumi na wawili, akaniangalia na akasema kwa nguvu, "Na msichana wangu, mahafali ni mwaka gani? Sisi tulichanga hapa. Tunangoja pilau."

Yeye anajua. Ananiona kila siku saa nne asubuhi niko juu kwa kamba za nguo na taa yangu ya duara nikijirekodi. Kila mtu kwa hiyo foleni ananiona. Kuna mtoto wa nambari kumi na mbili ananifuata TikTok. Hakuwa anauliza swali. Alikuwa ameshika kikombe cha kupimia.

Nikafungua mdomo, sijui ningesema nini. Kabla sijasema, shosho wa chini, ambaye huwa haongei na mtu kwa foleni, akasema bila kugeuka, "Huyu anasomea kwa simu. Kwani hamjaskia vyuo vimehamia kwa simu?" Akafunga mtungi wake na akaenda nao, anauburuta kwa sakafu vile huwa.

Hakuna mtu alimtuma. Mathe hakuwa hapo. Shosho alitoa ishirini kwa ule mchango, iko kwa daftari, na hajawahi kuniuliza chochote. Anajua kama wengine wote. Aliamua tu hiyo siku uongo utabebwa na yeye.

Na hapa ndio nilielewa mwisho wa tamthilia, ambao watu wengi wanauponda. Mimi pia naponda mengi: ndege kuangukia mtaa, kimbunga, maiti mpya kila msimu hadi unashangaa bima ya huo mtaa inalipwa na nani. Msimu wa 7 Susan anaishiwa pesa, anahamia nyumba ya kupanga, na anaanza kusafisha nyumba kwa kamera ya intaneti akiwa na nguo za ndani, mumewe hajui. (Msanii mwenzangu, nakuona.) Inavurugika. Lakini msimu wa 8 Carlos ameua mtu akimwokoa Gabrielle, wale marafiki wanne wameficha maiti, barua kama ile ya Mary Alice imerudi, sasa kwa Bree, na Bree ndiye anashtakiwa. Na anayeenda kusimama mahakamani na kusema ni mimi nilimuua ni Karen McCluskey, mzee, jirani, anakufa na saratani. Alikuwa amewaskia wakiongea siri yao. Kwa hivyo anajua kila kitu, kama vile Mrs. Huber alijua. Watu wanasema haiwezekani, hakuna jirani kama huyo. Mimi namjua mmoja. Anaburuta mtungi.

Ikumbukwe McCluskey hakuwa malaika. Huyu ni mwanamke aliyeficha maiti ya mumewe kwa friza ili pesa za uzeeni zisikatwe. Labda ndio maana. Mtu mwenye friza hawezi kukuuliza mbona umefunga dirisha.

Nilimsomea mathe hii post kabla ya kuiweka. Yote. Nilikuwa nimejiandaa akatae, juu ikitoka, imetoka, yule mtoto wa kumi na mbili ataisoma akiwa kwa choo. Alisikiza akikunja nguo. Nilipomaliza akasema, "Kwani nani hajui?"

Nikamwambia basi mbona tumekuwa tukifanya hivi miaka miwili? Begi, likizo, utafiti?

Akaniangalia kama mimi ndiye mtoto, na ndio mimi. "Wajue, sawa. Nilijua wanajua. Lakini nikisema 'anaendelea', mtu anaweza kusema 'asante Mungu' na apite. Nisiposema, lazima waseme kitu. Wengine watasema pole, wengine watauliza ile pesa. Sikutaka fundi wa viatu aanze kutafuta maneno."

Sina jibu la hiyo. Nimekaa nayo wiki mbili. Mimi nilidhani anajificha, kumbe alikuwa anawapatia njia ya kupita. Nikifikiria Mary Alice, si kujulikana kulimmaliza. Ni ile barua. Mtu kukaa chini, kuchukua karatasi, na kumwambia najua. Lakini pia namuuliza mathe, na nimemuuliza kwa uso: na gharama? Nani amekuwa akilipa hiyo njia? Yeye amekuwa akipanguza mikono miaka miwili. Hakujibu. Akaniambia nitoe jina la ploti, nikatoa, na nitoe rangi ya mlango, nikatoa.

Daftari nimeliomba pia. Nataka kuanza kurudisha, nikianzia chini, kwa wale wa hamsini na wa ishirini, juu hao ndio walitoa kitu kikubwa. Amekataa. Anasema mchango si deni na nikirudisha nitakuwa nimewatukana. Tunabishana bado. Shosho nilimpelekea sukari kilo mbili bila daftari, akachukua, akasema "haya", akafunga mlango.

Mama wa nambari saba, kama unasoma: pilau utakula. Sio ya mahafali.

Tumebakisha sehemu nne za msimu wa 8. Mimi najua mwisho, mathe hajui, na ameniapisha nisiseme. Stima imepotea tangu saa kumi.